Mwaka Niliokataa Kutaja Jina

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, shemeji yangu alinivuta pembeni ya turubai akaniomba nisimame niseme maneno machache. "Shemeji, wewe ndiye mkamwana mkubwa," aliniambia. "Waeleze watu jinsi mama alivyokupokea hapa Kamsamba, alivyokulea wewe na watoto wako." Nikamjibu kwamba sitasema. Alidhani nimezidiwa na kilio, akanigusa begani, akasema basi pumzika kwanza. Sikuwa nimezidiwa na kilio. Nina miaka hamsini na mitatu, akili zangu timamu, na nilijua kabisa kwamba nikisimama mbele ya lile jeneza nitasema yaliyotokea mwaka ule, wala si yale waliyotaka kuyasikia. Kwa hiyo nilikwenda jikoni kwa akina mama, nikashika mwiko, nikasonga ugali wa waombolezaji mpaka jasho likanilowesha mgongo. Tangu nirudi kwangu Tunduma nimekuwa nikiandika kila alfajiri kabla sijafungua banda langu la chakula. Niliyoyakataa kule msibani nayaweka hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, sote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Mume wangu Elia alikuwa mpakiaji wa malori mpakani Tunduma, anakuja nyumbani mara mbili tatu kwa mwaka, na mimi niliishi na mama yake bondeni, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Kilitenganishwa na ghala kwa ukuta usiofika juu, hivyo nililala nikinusa mpunga na kusikia kila neno lililosemwa upande wa pili. Nataka jambo moja lieleweke: nyumba ile haikuwa na njaa. Magunia ya mpunga yalipangwa hadi karibu na kenchi. Kuku walikuwepo, karanga zilikuwepo, samaki wa Rukwa waliokaushwa walining'inia juu ya mafiga. Ila kila kitu kilikuwa na kazi yake. Mpunga wa kuuza. Mayai ya kuuza na ya kuangua. Samaki wa wanaume. Karanga za mbegu. Kuku wa mchungaji akija kututembelea. Sisi wanawake tulikula ugali na mlenda, na watoto walikunywa uji. Uji wa mama mkwe ulikuwa wa sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe kabisa, maji mengi, chumvi kidogo. Ukiuteka kwa upawa ulimwagika bila hata kuacha alama. Mwanangu Yona, aliyekuwa na mwaka mmoja na miezi minane, alipewa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Tumbo lilimjaa, akakisukuma kikombe, tukasema ameshiba.

Nilikuwa nimemwachisha ziwa ghafla kwa sababu nilikuwa na mimba. "Maziwa ya mwenye mimba ni sumu kwa mtoto," mama mkwe alisema, nami niliamini, nikapaka pilipili kwenye chuchu. Yona alilia siku tatu, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonidanganya. Nilidhani amezoea. Baada ya wiki kadhaa miguu yake ilianza kujaa, na majirani waliponiona kisimani walinipongeza kwamba mtoto ananenepa. Kisha nywele zikabadilika, zikawa nyekundu na hafifu, ukizishika zinabaki mkononi. Ngozi ya mapaja ikaanza kuchunika. Hakutaka kubebwa na hakutaka kuwekwa chini. Alikaa popote nilipomkalisha na kutazama mbele yake kama mzee aliyechoshwa na watu.

Mchana mmoja nikiwa chumbani nilimsikia mama mkwe akipepeta mchele ghalani pamoja na shangazi yake Elia. "Huyu mtoto kabemendwa," shangazi alisema. Kwa asiyelijua neno hilo, maana yake ni kwamba mama anayelea ametoka nje ya ndoa, na uchafu wake umemwingia mtoto. Nilisikia ungo ukienda na kurudi. Kisha mama mkwe akauliza, "Elia alikuja lini mara ya mwisho?" Shangazi akasema mwezi wa kumi, kwenye mazishi ya mjomba, na alilala siku mbili tu. "Siku mbili!" alirudia, wakacheka, wote wawili. Mimi nimekaa kitandani, mkono mmoja juu ya tumbo lenye mimba ya siku mbili zile, mkono mwingine juu ya mguu wa mwanangu, nawasikiliza wakinihesabia miezi.

Jumapili iliyofuata, tuliporudi kutoka kanisani, viti vilitolewa uwanjani. Walikaa mama mkwe, shangazi, wazee wawili wa ukoo na mama mmoja mwenye dawa aliyekuja na majani yake ndani ya beseni. Nilielezwa kwa upole, na upole ule niliuchukia kuliko matusi. Dawa ipo, mtoto ataogeshwa, lakini dawa haishiki mpaka mama amtaje mwanaume. "Taja jina, mama Yona," mama mkwe aliniambia. "Hatutakupiga. Hatutakufukuza. Taja, tumwokoe mtoto."

"Sina wa kumtaja, mama."

"Basi unamuua kwa kiburi chako."

Leo nikiwasimulia wanangu huwa nasema nilisimama imara kama nguzo. Si kweli. Nilimtazama Yona na zile nywele zake, nikafikiria kumtaja mtu aliyekwisha kufa. Alikuwepo mwendesha baiskeli mmoja aliyezikwa mwaka uliotangulia, hana mke wala mtoto, asingedhurika na lolote. Neno moja tu, na wote wangeondoka wameridhika. Jina lake lilinifika mdomoni. Kilichonizuia ni uso wa shangazi, alivyojisogeza mbele kwenye kiti kama mtu anayesubiri kupakuliwa chakula. Nikasema tena kwamba sina wa kumtaja, nikambeba mwanangu nikaingia ndani, na nikajua kwamba kesho yake silali pale.

Asubuhi nilimkamata kuku jike wa mama mkwe, yule mwekundu aliyetaga sana. Rehema, mdogo wake Elia aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anapita na ndoo yake ya maji, akaniona nikimfunga miguu. "Wifi, huyo ni kuku wa mama," alisema. "Mwambie nimemwiba," nikamjibu. Rehema akatua ndoo, akafungua kanga yake ya juu, akanifunikia nayo mtoto mgongoni, akaenda zake. Hakupiga kelele. Kuku yule nilimpa dereva wa lori la mpunga, naye akaniruhusu kukaa juu ya magunia mpaka kule juu Mbozi. Tulitoka kwenye joto la bondeni tukapanda mlima kwa taabu, tope likiteleza chini ya magurudumu, na tulipofika kwenye mashamba ya kahawa baridi ilikuwa kali hata meno yangu yakagongana.

Hospitalini nilipokelewa na muuguzi mmoja, Nesi Atupele, mwanamke mfupi wa Kindali mwenye miwani mizito. Alimkalisha Yona mezani, akambonyeza mguu kwa dole gumba, akahesabu kimyakimya, akaondoa. Shimo likabaki. "Unaona?" alisema. "Aliyekwambia amenenepa amekudanganya. Haya ni maji." Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba jambo lile njia nzima, nilimwambia kabla hajaniuliza, "Wanasema nimembemenda. Lakini sikutoka nje ya ndoa, dada, naapa."

Aliinua macho. "Sijakuuliza umelala na nani. Nataka kujua amekula nini."

Nikainamia miguu ya Yona.

"Jana amekula nini? Juzi? Wiki iliyopita?"

Nikamwambia uji. Akauliza uji wa nini, una nini ndani yake, mzito au mwepesi, vikombe vingapi. Aliandika kila kitu. Hakuna aliyewahi kunihoji kwa makini namna ile, na hakuna hata swali moja lililonidhalilisha.

Walimwanzishia maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Nilipoona kile kikombe nililalamika kwamba mtoto mwenye njaa anapewa kama kifaranga. Nesi Atupele alinikataza kabisa kumwongezea. Mwili uliozoea kukosa, alisema, ukiupa vingi kwa ghafla moyo hauwezi kubeba. Siku ya tano alipimwa, na mizani ikaonyesha uzito umeshuka. Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti, maana nilijua kinachofuata mtoto anapokonda hospitalini. Nesi akaniinamia. "Anakojoa sana?" Nikasema tangu juzi nafua nguo bila kupumzika. "Hicho ndicho kilichopungua. Yale maji yanatoka. Sasa ndiyo tutamwona Yona mwenyewe." Na tulimwona. Alikuwa mifupa mitupu, shingo nyembamba, mabega yamechongoka. Siku ya kumi na moja alimpokonya mtoto wa kitanda cha jirani kikombe chake, akanywa, akacheka. Wodi nzima ilipiga vigelegele, na mwenye kikombe akalia mpaka akaletewa kingine.

Nyuma ya wodi kulikuwa na jiko la kuni ambako akina mama tulipika. Kila asubuhi Nesi Atupele alikuja na kigoda chake kutufundisha, na yale mafunzo ndiyo shule niliyosoma kuliko nyingine zote. Siku ya kwanza alituuliza, mtoto akilala, mwili wake unafanya kazi gani? Tukasema haufanyi. "Moyo umesimama?" aliuliza. Tukacheka. "Basi unafanya kazi. Unapiga, anapumua, anatengeneza joto, anarefuka. Kazi zote hizo zinataka nguvu, na nguvu inatoka kwenye chakula, kwenye wanga na mafuta. Sasa chakula kisipotosha, mnadhani mwili unafunga duka? Haufungi. Unachoma mafuta uliyoyaweka akiba. Yakiisha unaanza kuchoma nyama yake mwenyewe, ya mikono, ya makalio, mwisho ya moyo." Aliinua ngumi ya Yona tuione. Tumbo lake si kubwa kuliko hii sana, alisema, kwa hiyo ukilijaza maji yaliyopakwa unga, limejaa, ameshiba, na hajapata kitu. Uji uwe mzito wa kushikwa na kijiko. Tia karanga zilizopondwa, au mafuta kijiko kimoja, kwa sababu mafuta ni machache kwa wingi lakini nguvu yake ni kubwa. Kisha mwili unataka vya kujengea: maharage, samaki, yai, maziwa, na hizo karanga tena. Na mboga za majani na matunda vya kuulinda. Alichota sembe nyeupe mkononi akaipuliza. "Kiini mmekitupa na ganda mmelitupa, humo ndimo zilimokuwa vitamini. Mnawalisha kuku wenu vizuri kuliko watoto." Nikamkumbuka yule mwekundu niliyemwiba, aliyekuwa akila pumba kila jioni, nikaona aibu na hasira kwa pamoja.

Mimi pia hakuniacha. Alinifunua kope, akatazama ndani, akauliza ninakula nini na mimba ile. Nikamwambia nakula kinachobaki. "Kuanzia leo utapakua chako kwanza," alisema, akanipa vidonge vya damu. Niliona ni jambo la aibu kubwa, mwanamke kujipakulia kwanza. Nilijipakulia. Siku hizi vijana wa afya wanaokuja kula kwenye banda langu wananieleza kwamba wataalamu bado wanabishana kwa nini mtoto mmoja avimbe na mwenzake akonde tu, kwamba si upungufu wa protini peke yake. Wabishane, ni kazi yao. Hakuna hata mmoja kati yao anayebishana juu ya mama alilala wapi.

Wiki ya tatu Elia alikuja. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, kwapani ameshika mfuko wa kapenta, wale dagaa wanaovushwa kutoka Zambia. Mama yake alikuwa amemtumia ujumbe kwa madereva. Hakumgusa mtoto. "Mama Yona," alisema, "niambie ukweli. Nitaupokea."

Nilimwonyesha kitanda cha dirishani. Pale alilazwa mtoto wa kike aliyevimba mpaka macho hayafunguki, na aliyekuwa akimlisha ni bibi yake, kikongwe asiye na jino hata moja, maana mama mzazi alikuwa amefariki. "Yule analelewa na bibi," nikamwambia. "Nenda kamwombe na yeye akutajie mwanaume."

Elia alitazama kule. Kisha akakaa kitandani, akamchukua Yona akampakata, na kofia yake ikaanguka chini ya kitanda. Hakuniomba msamaha. Ila aliporudi Tunduma aliacha wale kapenta wote, na kila mwezi akatuma wengine.

Ningeweza kwenda kwetu Isansa, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini kwenda kwetu kungekuwa ni kukiri. Nilirudi Kamsamba, Yona mgongoni, nikaweka sufuria yangu kwenye mafiga yale yale. Asubuhi ya kwanza nilitwaa yai chini ya kuku, nikalichemsha, nikalimenya. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mtoto akila mayai atakuwa mwizi," alisema.

"Basi awe mwizi, mama. Ila awe hai."

Alifunga ghala kwa kufuli siku hiyo hiyo. Nikapanda mchicha nyuma ya bafu, nikaponda kapenta wa Elia kuwa unga. Jirani yetu Msukuma aliyekuwa na ng'ombe nilimsaidia kupalilia, akanipa maziwa. Nilipika mchana kweupe, uwanjani, penye macho ya wote. Kila mara shangazi alipopita nilimpa Yona kijiko kingine. Nywele zake zilirudi nyeusi kuanzia mizizini, unaona kabisa zilipoishia zile nyekundu. Mwezi wa saba nilijifungua mtoto wa kike, na hakuna aliyekuja kunipongeza isipokuwa Rehema.

Baada ya hapo Rehema hakuonekana. Nilikuwa bado ndani na mtoto mchanga, na nilipouliza, mama mkwe alisema Zawadi, binti wa Rehema mwenye miaka miwili, ana homa ndogo. Wiki zikapita. Nilisikia ghalani minong'ono iliyokatika kila mlango wangu ulipolia. Nikaacha kuuliza, na hilo nalibeba mimi. Kisha mchana mmoja wa jua kali Rehema aliingia bila hodi, amembeba Zawadi ndani ya blanketi, na mama yake nyuma anamvuta mkono arudi. Nilifungua blanketi. Sikuhitaji kubonyeza, lakini nilibonyeza. Shimo lilikaa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mama alisema nisimtoe nje," Rehema alijibu. "Alisema watu wataniuliza." Mumewe alikuwa migodini Zambia, mwaka wa pili huo.

Niligeuka kwa mama mkwe. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miezi yote ile, nikayatoa. "Mama, Rehema amelala na nani? Taja jina, dawa ishike."

"Mwanangu hana tabia hiyo," alisema.

"Wala mimi sikuwa nayo."

Ila aliyeinamisha kichwa ni Rehema, aliyewahi kunipa kanga yake. Lile swali lilimchoma yeye kuliko mama yake, na katika yote niliyosema mwaka ule ni hilo moja tu ninalolijutia. Nilimkabidhi jirani Yona, nikamfunga kichanga changu kifuani, tukatoka wawili kutafuta lori. Mama mkwe alibaki kizingitini. Tulimpata dereva, tukakaa juu ya magunia, Rehema amempakata mwanawe na mimi namdondoshea maji ya sukari mdomoni kwa kijiko. Katikati ya kupanda mlima aliacha kuyameza. Rehema aliendelea kumfunika asipigwe na upepo, na mimi sikumwambia, kwa sababu nilijua anajua. Tulishuka kwenye kona, tukangoja gari la kuturudisha bondeni.

Alizikwa kesho yake. Pale kaburini mama mkwe alilia akajitupa chini, wanaume wakamshika, na sikatai kwamba kilio chake kilikuwa cha kweli. Alimpenda yule mtoto. Alimpenda, na akamficha chumba cha ndani na kikombe cha uji mweupe, kwa kuogopa neno ambalo yeye mwenyewe alinitupia mimi uwanjani. Tuliishi naye miaka mingi baada ya hapo. Nilimpikia, nilimuuguza, nilimwogesha mwishoni alipokuwa hawezi kunyanyuka. Hakuwahi kulitaja jina la Zawadi mbele yangu. Nimeyafanya yote yanayompasa mkamwana, lakini kusimama na kusema alitulea, hapana.

Lakini mwaka ule ule, wiki mbili baada ya kumzika Zawadi, Rehema alikuja nyumbani kwetu asubuhi na kinu chake kichwani. Alikaa akaanza kutwanga, nami nikawasha moto. Alikuwa amevunja kufuli la ghala la mama yake kwa mchi. Karanga alizomwaga kwenye kinu zilikuwa za mbegu, na unga ulikuwa wa dona, usiokobolewa, na mayai aliyafunga kwenye pindo la kanga. Tulipika sufuria kubwa, ile ya harusi, katikati ya uwanja. Watoto wa jirani walisogea kwa harufu, mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe chake, na Yona akiwa wa kwanza kwenye mstari. Wawili kati yao walikuwa na miguu iliyoanza kujaa. Mama za wale wawili tuliwaita.

Shangazi alifika tukiwa tunapakua. Alitazama mlango wa ghala ulio wazi, akatazama sufuria, akashika kiuno.

"Nani kawaruhusu?"

Rehema alikuwa anampulizia mtoto mmoja uji upoe. Hakuinua kichwa.

"Hakuna," alisema, akachota kijiko kingine.